Weupe Kwenye Wavu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili si langu. Amenipa mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, yule niliyemlea toka hana meno mpaka akawa mtu wa maabara pale chuoni. Amesema kila siku niutazame wavu ulioko nyuma ya nyumba, niandike unavyoonekana, na kama hakuna kitu niandike hakuna. Nikamwambia mimi shule nimeiona kwa nje tu, nikipeleka nguo za walimu. Akanijibu mbona majina ya wateja naandika kwenye kola bila kukosea. Ni kweli. Herufi zangu zote nimezipata kwenye kola za watu, miaka arobaini ya udobi. Asiyeupenda mwandiko wangu aje anifulie.

Basi naandika. Nyuma yetu kuna kilima. Zamani kilikuwa na miti, miti ikawa kuni, kikabaki udongo mtupu. Nyumba ziko tisa kwa mstari, zimekipa mgongo. Yangu ndiyo ya mwisho, pamoja na chumba cha kufulia na cha kukaushia. Inayofuata ni ya mwanangu, mkewe na kitoto chao cha miezi miwili. Kitanda cha mtoto kimeegemea ukuta wa kilimani.

Mwezi wa kwanza halmashauri walikifunika kilima kwa wavu. Ni mikanda ya plastiki ile inayooza, imefumwa, imepigiliwa kwa vigingi vya plastiki hiyohiyo, na chini yake wamepanda majani. Wavu ushike udongo misimu mitatu ya mvua, mizizi ikishapata nguvu uoze wenyewe. Msimamizi wa kuutandika alikuwa mwanangu. Nilitembea kifua mbele mtaa mzima.

Leo jua. Wavu uko wazi kama kioo kilichopanguswa. Hakuna.

Jumanne, 4 Machi

Hakuna.

Jumatano, 5 Machi

Hakuna. Wino umenichafua kidole, nikachafua shuka la mteja, nikalifua upya. Sayansi ina hasara zake.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ya kwanza, toka asubuhi mpaka adhuhuri. Maji yalishuka juu ya wavu kama yanavyoshuka kwenye koti la mvua. Jirani yetu tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki, alisimama mlangoni akasema sasa tutalala kama wafalme. Na mimi nilisema hivyohivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Kuna mkanda mmoja unapita karibu na dirisha la kukaushia, naufikia kwa mkono. Leo nimeona umeingia weupe. Si uchafu, maana nimeusugua kwa sabuni na brashi, na uchafu ninaoushindwa mimi haujazaliwa. Weupe uko ndani. Kama jicho la mzee lililoanza mtoto wa jicho.

Nimetazama juu. Kuna mingine.

Jumatano, 12 Machi

Mhandisi wa halmashauri kaja, kijana mnene mwenye viatu visivyojua tope. Mwanangu alikuwa naye. Nikawaonyesha weupe. Mhandisi akakata kipande cha mkanda na kingine kutoka kwenye wavu mpya aliokuja nao toka ofisini, vya urefu mmoja, akaviweka kwenye mizani yake ndogo. Uzito sawasawa. Akaniambia kwa upole kwamba kitu kinachooza hupungua, na hiki hakijapungua hata chembe, kwa hiyo hakiozi. Akaongeza kwamba labda macho ndiyo yanayoingia weupe, si wavu.

Wote wakacheka. Mwanangu alicheka kwa sauti kuliko wote, lakini hakunitazama.

Jumamosi, 15 Machi

Mjukuu kaja. Kabla hajavua viatu nilimwambia habari ya macho yangu. Hakucheka. Alikata vipande vitatu: cha dirishani, cha katikati na cha mwisho kabisa kwa Redio. Akavitia kwenye bahasha, akaandika namba. Nikamwuliza kama jambo ni baya. Akasema, "Mke mwenzangu, mimi sisemi mpaka mashine iseme." Mke mwenzangu ndivyo tunavyoitana, tangu ananing'ang'ania mgongoni akisema babu yake ni mume wake.

Lakini alikula kidogo, naye si mtu wa kula kidogo.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Mikanda kumi na minne myeupe, niliyoiona kutoka dirishani.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Ishirini na mmoja.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Nimeacha kuhesabu. Majani yaliyopandwa yana urefu wa kidole. Nililivuta moja likatoka na mzizi wake wote, mfupi kama sharubu za paka.

Jumamosi, 22 Machi

Leo itakuwa ndefu.

Mjukuu kanipeleka maabara. Nilivaa gauni la kutokea, naye akanivalisha koti jeupe juu yake. Nikaona kola imepigwa pasi vibaya, nikanyamaza, siku haikuwa ya hayo.

Alinieleza hivi. Plastiki yetu ni mchanganyiko wa plastiki mbili, moja ngumu kama kucha, nyingine laini kama ufizi. Zote zimetengenezwa kwa nyuzi ndefu sana zisizoonekana, zimesokotana. Kusokotana huko ndiko kunakoshika. Unyevu na joto vikiingia, nyuzi zinakatika katikati. Vipande havijaenda popote, bado vimo ndani, ndiyo maana mizani inasema uzito uleule. Uzito, alisema, ndio wa mwisho kuondoka. Ukiusubiri upungue umeshachelewa.

Basi wao wanapimaje? Wanatazama inavyoganda.

Kuna kikombe kidogo kuliko kifungo cha shati. Alitia humo punje ya plastiki mpya, mashine ikaipasha mpaka ikayeyuka, halafu ikaipoza taratibu, na kwenye skrini mstari ukawa unajichora. Plastiki ikijipanga kuganda inatoa joto kidogo, na mstari unainua mgongo. Tulingoja. Mstari ulikwenda umelala, umelala, mpaka nikadhani mashine imekufa. Mwishoni kabisa kikainuka kimgongo kidogo, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

Halafu akatia ya kwetu, ya dirishani. Haikungoja. Joto halijashuka sana, mgongo ukapanda juu kama paka aliyekanyagwa. Ya katikati, vilevile. Ya kwa Redio, vilevile.

Nikauliza kwani kuganda upesi si ndiyo nguvu. Akaangaza macho akitafuta mfano, nami nikamwambia angoje, nimeelewa. Nina sanduku la nyuzi za kushonea. Uzi mrefu uliojisokota huwezi kuulaza sawa, utakaa nao asubuhi nzima unafungua mafundo. Lakini ukaukata vipande vifupi, vinalala vyenyewe, kimoja kando ya kingine, sawa kabisa, vizuri. Ila jaribu kushonea nguo.

"Ndiyo hivyo hivyo, Bibi," akasema. "Imejipanga vizuri kwa sababu imekwisha. Na weupe unaouona ni huko kujipanga."

Nikafunga kifungo cha juu cha lile koti, na chumba kilikuwa na joto.

Kisha akaniuliza swali, huku akiandika, bila hata kunitazama. Majora haya ya wavu yalikaa wapi kabla ya kutandikwa? Kwa sababu miezi miwili ya kukaa juani nje haiwezi kufanya hivi, na vipande vyote vitatu vimeharibika kiasi kimoja. Hii, alisema, ni kama mtu ameipika.

Nikasema sijui.

Nimemlea mtoto yule miaka ishirini na mitatu na leo ndiyo mara ya kwanza kumdanganya.

Jumapili, 23 Machi

Nitaandika, kwa sababu daftari halina mdomo.

Majora yalikaa kwangu. Mwaka jana, kiangazi, mwanangu alikuja jioni amechoka. Stoo ya mradi inavuja na ina panya, na yeye ndiye aliyekabidhiwa mzigo. Nikamwambia alete kwangu, mimi kutunza nguo ndiyo kazi yangu. Tukayapanga kwenye rafu za juu za chumba cha kukaushia, juu ya majiko ya pasi na masufuria ya mashuka. Miezi minne. Humo ndani ukiingia na miwani inazibwa na ukungu. Joto linapanda, mvuke unapanda, na mimi nikawa nayafunika kwa shuka safi yasipate vumbi. Nilikuwa nikiyapigapiga kama watoto waliolala.

Nimeyapika. Nilidhani nimeyatunza.

Na mwanangu aliandika kwenye kitabu cha mradi kwamba mzigo ulikaa stoo, mahali pakavu na baridi. Akatia saini. Likijulikana, kazi hana, na huenda akashtakiwa. Lisipojulikana, kuna kile kilima.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Mjukuu kapeleka karatasi zake kwa mhandisi. Mhandisi kamjibu kwamba vipande vitatu si kilima, na aeleze sababu ya wavu wote kuharibika, la sivyo hawezi kuhamisha watu wa nyumba tisa kwa mstari wa kwenye skrini. Anataka sababu. Sababu inakunja mashuka hapa.

Jumanne, 25 Machi

Mvua.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Nimemwogesha kitoto cha mwanangu. Mkamwana ananiuliza kwa nini nimemsuuza mara tatu. Nikasema uzee. Akanifunga kanga yake mabegani.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Maji yanayotoka chini ya kilima yalikuwa maangavu, sasa yana rangi ya udongo.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemwita mwanangu chumba cha kukaushia, nikafunga mlango. Nikamwambia yote, nyuzi, mgongo wa paka, weupe. Alikaa juu ya beseni lililogeuzwa, mtu mzima, magoti yamefika kifuani.

Hakubisha kwamba ni kweli, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikuwa anajua toka siku ile ya mizani. Alisema wavu una vigingi elfu mbili, hauwezi kuachia vyote kwa pamoja. Kwamba mvua zikipungua atapanda kupigilia vipya usiku usiku. Kwamba mhandisi ndiye mwenye elimu na kasema uko sawa.

Nikamwuliza kitanda cha mtoto kiko upande gani wa chumba.

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Kiko upande gani?"

Akainuka akatoka mvuani bila mwavuli. Sikuwa nimempiga tangu akiwa na miaka tisa, na leo nimempiga zaidi ya siku zote hizo.

Jumatatu, 31 Machi

Mwanangu hajaja kunywa chai siku mbili. Nimelala kitandani mchana nikajifanya mgonjwa. Nimeguna vizuri sana. Nikamwambia mkamwana siwezi kubaki peke yangu, ahamie chumba changu cha mbele na mtoto, kile kinachotazama barabara. Akahamia na kila kitu, nepi na beseni. Redio kaja kunitazama, akasema sura yangu ni ya mtu anayeondoka duniani na akaniomba nimwachie pasi ya mkaa.

Nimefurahi kwa saa moja. Halafu nimemsikia Redio akiimba kule kwake, na mke wa fundi baiskeli akiita wanawe watatu waje kula, na nikaona nilichofanya. Nimetoa mtoto wangu nikaacha wa wenzangu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua haikukatika. Ufa kwenye ukuta wa nyuma wa mwanangu, unaingia kucha.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimetoka na fimbo mpaka kigingi cha kwanza. Nimekibonyeza kwa kucha ya kidole gumba. Kimevunjika kama ganda la yai. Cha pili. Cha tatu. Sikukibonyeza cha nne, nilikimbia. Sijakimbia toka mume wangu afariki.

Jioni nimemtuma mkamwana awaambie nyumba zote tisa waje kwangu kesho saa nne, wasikose, na mjukuu amlete mhandisi hata kama ni kwa kumvuta tai.

Ijumaa, 4 Aprili

Walikuja. Chumba cha kufulia kilijaa, waliokosa nafasi walisimama mlangoni chini ya miavuli. Mwanangu alikaa nyuma kabisa.

Niliwasha jiko la pasi. Nikaweka bati juu yake, na juu ya bati vifuniko viwili vya chupa. Kimoja nilitia kipande kipya alichoniletea mjukuu kutoka chuoni, kingine nilitia mkanda wa kilimani. Mhandisi akatabasamu, akaniuliza kama napika. Nikamwambia ndiyo, na akae, ni kwa ajili yake.

Vyote vikayeyuka, vyote vikawa wazi kama mafuta, huwezi kujua kipi ni kipi. Nikalisogeza bati pembeni ya jiko, mahali pa uvuguvugu ninapowekea wanga usigande. Nikawaambia watu watazame tu, wasiseme. Hata Redio alinyamaza, na hilo mtaa utalisimulia.

Cha kilimani kilianza katikati. Doa jeupe, kisha likatandaa kama maziwa kwenye chai, mpaka ukingoni. Sikuwa nimemaliza kukunja taulo la tatu. Kile kipya kikabaki wazi. Tukangoja. Kikabaki wazi. Nilipovigonga na mkasi, cha wazi kilipinda. Cheupe kilikatika vipande viwili.

Mhandisi alivishika akavitazama muda mrefu. Alisema bado hajaambiwa kwa nini wavu wote uwe hivyo. Na hapo sikuwa na mahali tena pa kukimbilia.

Nikasema, "Kwa sababu niliupika mimi. Majora yote yalikaa humu ndani, kwenye rafu hizi, miezi minne, juu ya mvuke. Nilidhani nayatunza."

Mjukuu wangu alinitazama, na nikaona anakumbuka lile "sijui" langu. Fundi baiskeli aliangalia rafu, akaangalia majiko, akavua kofia.

Mhandisi akauliza kwa sauti ndogo nani aliandika kwamba yalikaa stoo. Nilifungua mdomo nidanganye mara ya pili. Mungu anajua nilishaufungua.

"Niliandika mimi," mwanangu alisema kutoka nyuma. "Saini ni yangu. Mama aliyapokea kwa sababu mimi nilimletea, hakuna aliyemwambia kitu. Bwana mhandisi, utaniandikia chochote unachotaka, lakini kwanza watoe watu."

Mhandisi alipauka kama kile kipande cheupe, akatoa simu.

Jumamosi, 5 Aprili

Tuko ukumbi wa chuo, nyumba zote tisa. Magodoro chini, kamba za nguo kutoka dirisha hadi dirisha. Nilimwomba mjukuu msamaha. Akasema amenisamehe lakini atanikumbusha mpaka nife. Mwanangu amesimamishwa kazi. Kitabu cha mradi kimechukuliwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Kilima kimesimama.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Kimesimama.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Kimesimama. Watu wameanza kunipa jina. Wananiita Bibi Kifuniko. Mke wa fundi baiskeli ameniambia wazi kwamba watoto wanakohoa kwa sakafu ya baridi na kitanda chao kipo kule kikavu, kwa sababu ya mtoto wangu aliyeandika uongo na mimi niliyepika. Ana haki. Sasa naogopa vitu viwili, kwamba kilima kitaanguka, na kwamba hakitaanguka.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua imekatika mchana. Redio anasema kesho anarudi kwake, hata kama ni kwa kupigana.

Ijumaa, 11 Aprili

Jua lilitoka toka asubuhi, jua la kuanikia, ambalo siku nyingine ningelishukuru. Ukumbi mzima ulikuwa unafunga magodoro. Redio alishatangulia. Mwanangu akatoka mbio kumfuata, nami nikafuata na fimbo yangu, mjukuu ananishika kiwiko akinisihi nirudi.

Tulipofika kona ya barabara nikawaona. Mwanangu kasimama katikati ya njia, mikono ameitanua, watu kama kumi mbele yake wanamtukana. Hakujibu hata tusi moja, na alitukanwa vizuri. Alisema tu kwamba watapita juu ya maiti yake. Fundi baiskeli alimsukuma kifuani. Redio, huku wanasukumana, akazunguka nyuma yao, akaingia kwake kuchukua redio yake, ile halisi.

Nimepasua nguo nyingi maishani, najua sauti ya kitambaa kinachochanika. Nilidhani wavu utalia hivyo. Haukulia hivyo. Ulilia kama mtu anakanyaga maganda ya mayai, mengi, toka juu, haraka, haraka zaidi, mstari baada ya mstari wa vigingi. Nikaona mikanda myeupe inafunguka juani. Nikaona majani mafupi yanatembea.

Mwanangu aligeuka akakimbilia kwenye mlango wa Redio.

Niliita jina lake la utotoni. Halafu sikuona kitu, vumbi na udongo na mabati. Hakukuwa na kelele tena. Kuna sauti ilikuwa inasema si huyu, si huyu, si huyu, na mjukuu aliniambia baadaye ilikuwa yangu.

Alitokea upande wa barabara, mwekundu toka nywele hadi viatu. Alikuwa amembeba Redio begani kama gunia la nguo chafu, na Redio anamlaumu kwa kudondosha redio. Mwanangu akamweka chini. Akaja mpaka kwangu, akapiga magoti kwenye tope, akaweka kichwa tumboni mwangu. Fundi baiskeli alikuja akasimama karibu yetu. Akaokota fimbo yangu akanipa.

Vyumba sita vya nyuma vimekwisha. Rafu zangu zimo humo. Ukuta uliokuwa na kitanda cha mtoto upo barabarani.

Watu, tuliwahesabu mara nne. Wote.

Jumapili, 13 Aprili

Sina la kuandika. Nimemshika kitoto mchana kutwa. Mkamwana hakumdai.

Jumatatu, 12 Mei

Shauri la mwanangu lilisikilizwa wiki iliyopita. Mhandisi alisimama akasema mwenyewe kwamba alipima uzito tu, na kwamba mtu aliyesaini uongo ndiye aliyesimama njiani. Usimamizi wamemnyang'anya, hatarudishiwa. Wamempa kazi ya chini kabisa, kutunza stoo mpya. Sikulia mbele yao.

Wavu mpya umefika. Stoo ina kipimajoto ukutani, kakining'iniza mjukuu, naye mwanangu anakitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Kila wiki anapeleka kipande maabara, na kila wiki mjukuu anachora mstari wake. Mimi nina kifuniko changu dirishani, kipande cha wazi. Sikiamini, nakitazama tu.

Jumatano, 21 Mei

Wavu umetandikwa. Tumerudi kwenye vyumba vya mbele vilivyobaki. Mvua ndogo asubuhi. Nilisimama dirishani tangu tone la kwanza, na nadhani nitasimama hivyo kwa kila tone mpaka nife.

Mjukuu analitaka daftari lake, anaandika ripoti. Nimemwambia angoje.

Alhamisi, 22 Mei

Mwanangu kaja kabla ya chai, viatu vina tope. Amepanda mpaka juu, anabonyeza vigingi kwa kucha, kimoja kimoja. Nikamwuliza. Akaonyesha kidole gumba, kucha imevunjika.

"Hakuna, Mama."

Nikamwambia arudi akabonyeze tena vya upande wa Redio. Akarudi. Akaja.

Hakuna.